Edward Tingatinga: Kibarua aliyeipa dunia zawadi kwa rangi ya baiskeli

UKIMTAJIA mtoto wa leo neno tingatinga, atafikiria mtambo mkubwa wa njano unaosukuma udongo barabarani. Watanzania walilifanya pia jina la utani la rais wao wa awamu ya tano, Dkt John Magufuli. Lakini kwa wachoraji wa Afrika Mashariki, Tingatinga ni jina la mtu. Ni Edward Saidi Tingatinga, kibarua kutoka Tunduru aliyeshika brashi kwa miaka minne tu, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na akaacha nyuma mtindo wa uchoraji ambao sasa umeenea kwenye vikombe, sahani, sinia na kuta za nyumba kuanzia Dar es Salaam hadi Ulaya na Japani.

Namwandikia kwa sababu ya vikombe. Hapa kisiwani Kudha, kusini ya Kismayu, wanafunzi wangu hununua vikombe vyeupe vya kauri kutoka mjini, wakavichora kwa masalio ya rangi ya mashua, kisha wakapeana zawadi. Kimoja ni cha bibi harusi, kingine cha mama mkubwa aliyemlea mtoto, kingine cha rafiki anayevuka kwenda Kenya kusoma. Wengi huchora samaki mwenye madoa na ndege mwenye shingo ndefu, macho yake makubwa kuliko kichwa chenyewe. Hakuna aliyewafundisha. Wameviona kwenye sinia na picha zinazokuja na jamaa kutoka Mombasa na Unguja, na mkono ukafuata jicho. Nikaona ni haki wajue wanafuata mkono wa nani.

Tingatinga alizaliwa katika wilaya ya Tunduru, kusini ya Tanganyika, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Maandishi mengi yanataja mwaka 1932, mengine 1937, na hilo si ajabu kwa mtoto wa kijijini wa zama zile. Baba yake alikuwa Mngindo Mwislamu, mama yake Mmakua Mkristo. Ndiyo maana jina lake lilibeba dini mbili, Edward na Saidi, bila ya ugomvi. Alisoma miaka michache ya shule ya msingi, akaacha. Hakuwahi kukaa katika darasa lolote la sanaa.

Kusini kulikuwa na pori, wanyama na mashamba madogo, lakini fedha ya kodi na ya nguo ilikuwa mbali. Vijana walielekea kaskazini. Katikati ya miaka ya 1950 naye akaenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Tanganyika wakati huo ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo, na vibarua wa mkataba waliotoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba aliyopewa. Mtu alikata majani, akafunga mafungu, akahesabiwa. Jina lake halikuwa na kazi huko.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 akahamia Dar es Salaam, ambako alikuwa na jamaa aliyekuwa mpishi wa mzungu. Kwa njia hiyo naye akapata kazi ya nyumbani na bustani upande wa Msasani na Oyster Bay, mitaa waliyokaa watumishi wa serikali ya kikoloni. Baada ya Uhuru wa Desemba 1961 wengi wa mabwana hao walifunga mizigo yao. Wapishi, watunza bustani na mayaya wakabaki na barua nzuri za sifa na mifuko mitupu. Kwa miaka kadhaa Tingatinga aliishi kwa vibarua vya hapa na pale.

Mwaka 1968 akaanza kuchora.

Kwa nini hasa? Watafiti wamebishana sana juu ya jambo hili. Wapo wanaosema aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa jijini, akajiambia kuwa kama wageni wanauza, yeye mwenyeji ana kizuizi gani. Wengine hukumbusha kwamba Wamakua na majirani zao wa kusini walikuwa na desturi ya kuchora kuta za nyumba zao za udongo, kwa hiyo alikuwa akitoa kilichokuwa ndani yake tangu utotoni. Mimi sioni ugomvi baina ya maelezo haya mawili. Mtu mwenye njaa huangalia soko, na akishafika sokoni huuza alichonacho nyumbani.

Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali na adimu. Akachukua hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigilia dari, akazikata vipande vya mraba vya kiasi cha sentimita 60 kila upande. Kwa rangi akatumia ile ya mafuta inayong'aa, iliyouzwa katika makopo madogo kwa mafundi wa kupaka baiskeli upya. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya chuma, mvua na vumbi. Inakauka ikiwa ngumu na laini kama kioo, na haipendi kuchanganywachanganywa. Nyekundu inabaki nyekundu, buluu inabaki buluu. Anayeitumia hana budi kuamua kabla hajagusa.

Hapo ndipo ulipo mtindo wenyewe, na naomba msomaji anivumilie nieleze kidogo, kwa sababu vitabu vingi hupita haraka. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja, au mbili zinazokutana, akaacha ukauke. Kisha akachora mnyama mmoja mkubwa, chui, tembo, fisi au ndege, akiujaza ubao karibu wote. Rangi ya kwanza ikishakauka ndipo ya pili huwekwa juu yake, kwa madoa, mistari na vitone. Ukiharakisha, zinaingiliana na kazi imeharibika. Hakuna kivuli wala umbali. Mnyama haonekani kusimama mbugani. Amesimama kama anavyosimama katika hadithi ya bibi, peke yake, anakutazama. Wazungu wengi walidhani hayo ni matokeo ya kutojua. Kwa maoni yangu mtu huyu aliijua rangi yake vizuri kuliko mabingwa wengi wanavyozijua zao, akachora kile ambacho rangi ile ingeweza kusema.

Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, na mkewe akawa anakaa na picha na kuuza wakati mume akichora. Wanunuzi walikuwa mabalozi, wataalamu wa misaada, hasa kutoka nchi za Skandinavia, na walimu wa kigeni waliokuja kununua mboga na mkate. Nao wengi hawakununua kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Walinunua zawadi. Likizo imekaribia, mama yuko Copenhagen, rafiki yuko Stockholm; utampelekea nini kutoka Tanzania? Kinyago cha mpingo ni kizito na ghali. Kibao cha chui mwenye madoa kinalala chini ya sanduku la nguo, hakivunjiki, na bei yake haimtishi mtu. Tangu mwanzo, basi, sanaa ya Tingatinga ilikuwa sanaa ya kutolewa kwa mkono na kupokelewa kwa mkono. Wahakiki waliokuja baadaye kuidharau kuwa ni bidhaa ya watalii walisahau kuwa karibu kila chombo kizuri cha pwani hii kilifika kama zawadi au biashara. Bakuli za Uchina zilizopachikwa katika makaburi ya kale, kuanzia pwani yetu ya Wabajuni hadi Kunduchi, kaskazini kidogo ya Msasani, nazo zilikuwa bidhaa za dukani kabla hazijawa turathi.

Umaarufu ulikuja taratibu. Alipata kazi pia katika Hospitali ya Muhimbili, kwa sababu brashi peke yake haikutosha kulisha watoto wawili. Shirika la Taifa la Maendeleo, kupitia kampuni yake ya sanaa iliyokuwa ikinunua vinyago vya Wamakonde, likaanza kununua na picha zake. Kazi ikazidi mikono miwili. Akawaita jamaa na vijana wa kwao kusini, akawafundisha kama fundi seremala anavyomfundisha mwanafunzi wake: kaa hapa, tazama, paka mandhari, sasa weka madoa. Hivyo ndivyo walivyoingia January Linda, Adeusi Matambwe, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na nduguye, Simon Mpata. Hakuna aliyelipa ada, wala hakuna aliyepewa cheti.

Jambo moja alilifanya tangu mwanzo, nalo ni dogo lakini ndilo linalonifanya nimheshimu zaidi. Aliandika jina lake kwenye picha. Mtu aliyefanya kazi kwenye mkonge, mahali ambapo wanadamu waliitwa kwa namba, kisha akafanya kazi katika nyumba ambamo mtumishi mtu mzima aliitwa boi, alichukua brashi nyembamba na kuandika herufi za jina la baba yake mbele ya kazi yake, wazi, mahali ambapo mnunuzi hangeweza kuzikwepa.

Usiku mmoja wa mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwasaka wezi. Wakalidhania gari lile ndilo walilokuwa wakilitafuta, wakafyatua risasi. Tingatinga aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, mkewe kijana, watoto wadogo, na mbao ambazo hazijamalizika. Masimulizi ya usiku ule yanatofautiana katika mambo madogo, lakini katika hili yanakubaliana: hakuwa mwizi. Sisi tuliolelewa ukimbizini hatuhitaji kuelezewa sana habari hiyo. Baada ya vita vya 1991 tulikulia katika mitaa ambako gari likisimamishwa usiku, kila aliyemo huanza kujipapasa mifuko kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Ilitarajiwa kuwa mambo yangeishia hapo. Mchoraji aliyefanya kazi miaka minne, bila shule, bila kitabu, bila mfadhili mkubwa, kwa kawaida husahauliwa kabla ya matanga kuvunjwa. Lakini wale vijana aliowafundisha walirudi kwenye mti uleule, na rangi zilezile. Kila mmoja akafundisha wengine, ndugu kwa ndugu, wengi wao wakitoka Tunduru na Masasi. Mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, wakaendelea kufanya kazi palepale Oyster Bay. Mpata alielekea Kenya, na sifa yake ilifika Japani hadi hoteli moja ya kitalii kule Maasai Mara ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama katuni zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo, Tinga Tinga Tales, na wengi wao bila shaka walidhani neno hilo ni mlio wa ngoma.

Ni wanafunzi hao, na wanafunzi wa wanafunzi wao, walioitoa rangi ya baiskeli kwenye ubao na kuipeleka kwenye vyombo. Sinia za bati zikaja, sahani, makopo, vifuniko, masanduku ya mbao, na mwisho vikombe. Mtalii wa siku moja Unguja hana nafasi ya ubao wa sentimita 60, lakini kikombe kinakaa ndani ya kiatu.

Kikombe cha kauri, hata hivyo, si ubao. Hili nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka, nao kila mwaka hunisikiliza nusu. Vikombe vya kiwandani vyenye maua huchorwa kwa rangi za madini, ama chini ya ule utando wa kioo, ama juu yake, kisha vikarudishwa tanuruni. Hata zile zinazopakwa juu ya utando huchomwa kwa joto la nyuzi 700 hadi 850, ndipo rangi na kioo vikawa kitu kimoja. Rangi ya baiskeli, sawa na rangi ya mashua, haichomwi. Inakaa juu ya utando kama ngozi ya pili. Ukiiweka juu ya alama ya vidole yenye mafuta, itabanduka mwezi wa kwanza. Kwa hiyo kikombe huoshwa kwa sabuni, kikafutwa kwa spiriti, kikashikwa kwa ndani ili vidole visiguse nje. Rangi huwekwa nyembamba, mara mbili, na siku nzima katikati. Halafu kikombe kiachwe wiki nzima kabla ya kuoshwa, na kisisuguliwe kwa mchanga wala kwa waya.

La muhimu zaidi ni mdomo wa kikombe. Rangi za mafuta hazikutengenezwa kwa ajili ya midomo ya watu, na nyingi zimekuwa zikitiwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Fundi mwenye akili huacha upana wa vidole viwili kutoka ukingoni, na ndani haweki hata kitone. Kikombe kilichochorwa hadi ukingoni ni cha kuwekea kalamu, si cha chai. Nimeona vikombe vizuri sana vya namna hiyo vikinywewa maziwa na watoto, na nikavitoa mezani bila kuomba ruhusa.

Siku hizi kuna mshindani mwingine. Karatasi yenye picha ya mtindo wa Tingatinga hufungwa kwenye kikombe kilichopakwa utando maalumu, kikabanwa ndani ya mashine ya joto la nyuzi 180 hivi kwa dakika chache, na tembo ametoka, madoa yote mahali pake. Kumi, mia, elfu, wote sawasawa. Bei iko chini na hakibanduki. Huwezi kumlaumu mwenye duka. Lakini aliyemchora tembo wa kwanza, ule ambao karatasi iliunakili, mara nyingi hakuulizwa wala hakulipwa, na jina lake liliondolewa kabla ya picha kuingia mashineni. Chini ya kikombe pameandikwa neno moja tu, Tingatinga, kana kwamba marehemu angali hai anafanya kazi usiku na mchana kiwandani.

Sheria haimsaidii sana mchoraji hapa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya msanii kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, kwa Tingatinga mwenyewe muda huo ulikwisha na mwaka 2022. Na hata kabla ya hapo hakimiliki ililinda picha, haikulinda mtindo. Mtu yeyote alikuwa huru kuchora chui mwenye madoa kwa rangi inayong'aa. Tingatinga mwenyewe, ninavyomwelewa, asingelipinga hilo, kwa kuwa aliufundisha mtindo wake bure. Kuchora kwa mkono wako na kutia jina lako ni kuendeleza alichokianza. Kufuta jina la aliyechora na kubandika la maiti ni jambo lingine, na mimi naliita wizi hata kama hakuna askari wa kulifuatilia. Ni kinaya kichungu kwamba aliyeuawa kwa kudhaniwa mwizi ndiye jina lake linatumika hivyo.

Kwa anayetaka kununua kikombe kama zawadi, kutofautisha si kazi ngumu. Pitisha ukucha polepole juu ya madoa. Yaliyowekwa kwa brashi yana mwinuko, kila kitone kimesimama peke yake, na hakuna viwili vilivyolingana. Ya mashine ni laini kama kikombe kitupu. Mtazame mnyama machoni, kwa sababu mchoraji humalizia macho mwisho na humo ndimo uchovu wake au furaha yake huonekana. Kisha geuza kikombe usome chini. Kama pana jina la mtu, mlipe mtu huyo bei yake na umwulize ametoka wapi. Wengi bado watakutajia Tunduru.

Picha za Tingatinga mwenyewe zilizobaki ni chache, na nyingi zimo mikononi mwa watu binafsi na makumbusho nje ya Afrika. Katika minada zimefikia maelfu mengi ya dola, na kwa hiyo waghushi wamepata kazi. Wataalamu wanapopelekewa ubao unaosemekana ni wake, huchunguza hadibodi, tabaka za rangi, umri wa misumari na namna madoa yalivyowekwa. Sahihi huchunguzwa pia, ingawa hiyo ndiyo rahisi kuigiza kuliko vyote, kwa sababu aliiandika kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu yeyote aliyefika darasa la pili.